Mtoto Aliyelala Njia Nzima: Uchambuzi wa Safari ya Nakuru hadi Ugunja

Kisa hiki kinamhusu mama wa mtoto wa kiume wa wiki 11, aliyesafiri na mumewe kwa gari lao dogo kutoka Nakuru hadi nyumbani kwa wakwe zake karibu na Ugunja, kaunti ya Siaya. Tangu azaliwe, mtoto alikuwa akinyonya maziwa ya mama pekee. Wiki tatu baadaye, mama alipomleta kliniki kwa chanjo ya wiki 14, alikuwa akimpa maziwa ya kopo mara mbili kila usiku, na aliamini kwamba maziwa yake mwenyewe yalikatikia njiani. Mimi ndimi niliyempokea siku hiyo, na kwa idhini yake nakieleza kisa bila kutaja jina. Nakieleza kwa sababu imani ya maziwa kukatikia safarini huletwa kliniki na akina mama wengi wanaorudi kutoka mashambani, hasa baada ya Krismasi na Pasaka, na kwa sababu naona kwamba chanzo chake hakimo katika titi la mama bali katika namna safari inavyopangwa.

Jinsi safari ilivyokwenda

Njia waliyopita inajulikana na kila anayekwenda upande wa ziwa: kutoka Nakuru kupitia Salgaa, kupanda hadi Mau Summit, kuingia barabara ya Kericho, kuteremka Awasi na Ahero, kuvuka Kisumu, kisha Kisian, Maseno, Luanda na Yala. Ni takriban kilomita 250, na dereva asiye na mtoto mchanga huimaliza kwa nusu siku bila kuifikiria sana.

Walikuwa wamepanga kuondoka saa moja asubuhi. Kufikia saa mbili mizigo ilikuwa bado inafungwa, na mama akamnyonyesha mtoto akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda huku akiulizwa blanketi liko wapi na sufuria ipi ibebwe. Mtoto aliachia titi la kwanza kabla hajashiba, na la pili hakupewa. Gari liliondoka saa tatu. Mtoto alifungwa vizuri katika kiti chake cha gari kwenye siti ya nyuma, uso ukielekea nyuma ya gari, kama inavyotakiwa kwa umri wake. Mama aliketi mbele, kando ya mumewe.

Msongamano wa malori uliwachelewesha hadi Salgaa, na kabla ya kufika hapo mtoto alikwisha lala. Walifika Kericho kukikaribia saa sita mchana, wakaweka mafuta. Mama alitaka kumtoa mtoto kitini amnyonyeshe. Mume akasema, "Mama watoto, amelala vizuri, tusimwamshe. Tukifika Kisumu ataamka mwenyewe." Mama alikubali, maana hata yeye aliona usingizi ule kuwa baraka. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai, kwa kuwa hakuviamini vyoo vya njiani na hakutaka kuwa mtu wa kuomba gari lisimame kila mara.

Baada ya Kericho walipatwa na mvua, mwendo ukapungua. Mtoto aliamka Ahero, yapata saa saba u nusu, akilia kwa sauti ya juu, mwili umelowa jasho. Bado alikuwa amevaa sweta na kofia alizovishwa kwa ajili ya baridi ya Mau, na juu yake kulikuwa na blanketi. Gari liliegeshwa juani karibu na soko, bodaboda zikipita kando ya dirisha. Mtoto alinyonya kidogo, akageuza kichwa kila honi ilipolia, akaachia, akalia tena. Mume alitaka kuendelea. Mama akabaki amempakata na kujaribu kumnyonyesha gari likiwa mwendoni hadi Kisumu, kiti cha mtoto kikiwa kitupu kwenye siti ya nyuma. Mtoto akalala tena.

Walifika nyumbani kukikaribia saa kumi. Kama desturi ilivyo, mtoto alipokewa na mikono mingi: nyanya, shangazi, majirani, kila mtu akitaka kumwona mgeni. Mama alipewa maji ya kuoga na chakula. Alipompata mtoto tena ilikuwa saa kumi na moja u nusu jioni, na mtoto akalikataa titi. Alikuwa akiligusa kwa mdomo, akiteleza, akilia. Matiti yote mawili yalikuwa yamejaa na kukaza. Mama mkwe aliyagusa, akasema, "Mwanangu, maziwa haya yameshinda juani, yamechacha. Kamua uyamwage kwanza, ndipo umpe." Mama alikamua kidogo kwa aibu mbele ya watu, maumivu yakamzuia, akaacha. Mtoto aliendelea kulia. Kijana mmoja wa nyumbani akatumwa Ugunja kununua kopo la maziwa na chupa. Mtoto aliimaliza ile chupa, akatulia, na wote waliokuwapo wakakubaliana kwamba mama hana maziwa.

Usiku wa pili mama alishikwa na baridi kali na homa, na upande wa nje wa titi la kulia ukawa mwekundu wenye maumivu. Katika zahanati ya karibu alipewa dawa na kuambiwa aendelee kunyonyesha. Alipona. Lakini kopo lilirudi nao Nakuru.

Usingizi ulioonekana kuwa baraka

Nilipomwomba mama anieleze siku ile upya, sikumuuliza walipita wapi. Niliuliza mtoto alinyonya saa ngapi, kwa muda gani, titi lipi. Maelezo yakabadilika kabisa. Kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja u nusu jioni, yaani saa tisa na nusu, mtoto ambaye nyumbani alikuwa akinyonya kila baada ya saa mbili na nusu hivi alikuwa amepata titi moja ambalo hakulimaliza, na vipande vya kunyonya vya Ahero. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya pekee hutumia kwa wastani mililita 750 hadi 800 za maziwa kwa siku, sawa na takriban mililita 30 kwa kila saa ya mchana na usiku. Kwa hesabu hiyo, mtoto huyu alikuwa amekosa karibu mililita 300 kufikia wakati anashikishwa titi mbele ya wageni. Kilio chake hakikuhitaji maelezo mengine.

Ushauri wa kusafiri mtoto akiwa amelala hutolewa kila mahali, na sikatai kwamba huleta utulivu garini. Ninaupinga kwa mtoto aliye chini ya miezi sita anayetegemea titi pekee, kwa sababu usingizi wa garini hauwi sawa na usingizi wa kitandani. Mtikisiko na mvumo wa injini humlaza mtoto hata akiwa na njaa, na mtoto aliyelazwa na gari huchelewa kuitoa ishara ambayo nyumbani angeitoa mapema. Mzazi ataniambia kwamba mtoto wa miezi mitatu anaweza kulala saa tano usiku bila madhara, na atakuwa amesema kweli. Tofauti ni kwamba saa hizo tano za usiku hutanguliwa na kufuatwa na kunyonya kwa kutosha. Saa tano na nusu za mtoto huyu zilitanguliwa na titi lililokatizwa na kufuatwa na kelele za soko.

Jambo jingine ni mahali alipoketi mama. Njaa ya mtoto huanza kimya: hugeuza kichwa kutafuta, hufungua mdomo, hupeleka ngumi mdomoni, hulamba midomo. Kilio huja mwishoni kabisa, na mtoto aliyefikia kilio hushika titi vibaya hata likiwa laini. Kiti kinachotazama nyuma, kikiwa kwenye siti ya nyuma, humficha mtoto kwa mtu aliyeketi mbele. Inawezekana kabisa kwamba mtoto huyu aliomba titi mara kadhaa kati ya Mau Summit na Kericho, na hapakuwa na jicho la kumwona. Mama akiketi nyuma kando ya kiti, ishara hizo zinamfikia zikiwa bado ndogo. Pia ataona kidevu kikianguka kifuani, hali inayoweza kubana njia ya hewa ya mtoto mchanga aliyelala akiwa nusu ameketi. Ndiyo sababu wataalamu hushauri mtoto atolewe kitini angalau kila baada ya saa mbili, na kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja muda huo ni mfupi zaidi, takriban nusu saa.

Titi lililokaza

Sehemu hii ndiyo iliyoamua mambo yote, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Titi lisilonyonywa hujaa maziwa, kisha damu na majimaji huongezeka katika tishu zake, likavimba. Duara jeusi linalozunguka chuchu, ambalo kwa kawaida ni laini na huingia mdomoni mwa mtoto, hukaza na kunyooka. Mama huyu alinieleza kwamba matiti yake jioni ile yalikuwa magumu kama paji la uso. Mtoto hawezi kushika kitu cha namna hiyo. Ulimi wake unahitaji kukusanya chuchu pamoja na sehemu kubwa ya duara. Akikosa, anabaki kwenye ncha ya chuchu, anateleza, anamuumiza mama, naye hapati kitu. Mtazamaji huona mtoto analikataa titi tupu, kumbe titi limejaa hadi limemfungia nje.

Ongeza juu ya hayo hali ya mama mwenyewe. Maziwa hushuka kwa msukumo wa homoni ya oksitosini, na homoni hiyo huzuiliwa kwa muda na maumivu, wasiwasi na aibu. Mama aliyechoka, aliyezungukwa na wakwe wanaomtazama kifua, mtoto akipiga kelele, anaweza kuwa na maziwa tele ambayo kwa dakika kadhaa hayashuki.

Sasa tuje kwa nyanya wa mtoto, yaani yule mama mkwe. Wako wenzangu ambao wakisikia habari ya maziwa kuchacha humrushia nyanya lawama zote, nami nadhani hawamtendei haki. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi: maziwa hayachachi wala hayaharibiki yakiwa ndani ya titi, hata mama ashinde juani au akae siku nzima bila kunyonyesha, na hayana haja ya kumwagwa. Lakini kitendo alichoagiza, cha kukamua kwanza kabla ya kumpa mtoto titi, ndicho hasa kilichohitajika. Kukamua kidogo hulainisha duara, na mtoto hupata mahali pa kushika. Laiti mama angeambiwa akamue hadi palainike, kisha ampe mtoto papo hapo, chupa isingetafutwa. Ndiyo maana namshauri mama asibishane na mama mkwe juu ya jambo hili. Akubali kukamua, akingie maziwa kwenye kikombe safi, ampe mtoto titi, na yale ya kikombeni yatumike pia.

Namna ya kufanya ni hii, na nilimwonyesha kwa mikono yake mwenyewe. Anaweka ncha za vidole vya mikono yote miwili kuzunguka chuchu, kucha zikiwa fupi, anabonyeza kwa upole kuelekea kifuani, na kushikilia bila kusugua kwa muda wa dakika moja au zaidi, kisha anahamisha vidole kidogo na kurudia hadi duara lote lipate mzunguko. Mbonyeo huo huyasukuma majimaji ya uvimbe nyuma, na mashimo madogo ya vidole hubaki yakionekana kwenye ngozi. Hapo ndipo anapokamua kwa dole gumba na kidole cha shahada, vikiwa sentimita chache nyuma ya chuchu, akibonyeza na kuachia kwa mdundo. Matone ya kwanza huchelewa, kisha maziwa huanza kuruka. Mtoto aletwe wakati huo, akiwa ametulizwa begani kwanza, mahali pasipo na watu wengi.

Kilichotokea siku zilizofuata kina maelezo yake pia. Titi linalobaki limejaa hupokea ujumbe wa kupunguza utengenezaji, kwa kuwa mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Siku ya safari ilituma ujumbe huo mara ya kwanza. Chupa mbili za kila usiku ziliurudia usiku baada ya usiku, tena katika saa ambazo homoni ya kutengeneza maziwa huwa juu zaidi. Kwa hiyo mama aliposema maziwa yamepungua, wakati ananieleza lilikuwa jambo la kweli. Lakini yalipunguzwa na chupa iliyoletwa kutibu upungufu ambao haukuwapo.

Watu huuliza: kama maziwa yalikuwapo, mbona mtoto alitulia kwa chupa? Alitulia kwa sababu alikuwa na njaa, na chupa humimina bila kumdai kazi. Utulivu ule ulithibitisha njaa, basi. Usiku wa kwanza pale nyumbani alinyonya karibu usiku kucha, jambo lililochukuliwa kama ushahidi wa pili dhidi ya mama, ilhali mtoto alikuwa anafidia mchana uliopotea, kama watoto wengi wanavyofanya baada ya safari. Mama anayelijua hilo huachana na kazi za jikoni usiku na asubuhi inayofuata, akalala na mtoto wake, akamnyonyesha kila anapotaka, na mambo hurudi mahali pake.

Kuhusu homa na wekundu, huo ulikuwa mwanzo wa uvimbe wa titi, na zahanati ilimshauri vema kuendelea kunyonyesha. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji, umeuacha ushauri wa zamani wa kulikanda titi kwa nguvu. Sasa hupendekezwa kitambaa cha baridi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, na kunyonyesha kama kawaida bila kukamua kupita kiasi. Hali isipopungua kwa siku moja, mama aonwe na mhudumu wa afya.

Joto, maji na unga wa kopo

Barabara hii ina ugumu wake ambao msafiri wa Nakuru huusahau. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu iko takriban mita 1,130. Ndani ya saa chache mtoto hutolewa kwenye baridi ya ukungu na kushushwa kwenye joto la uwanda wa Kano, akiwa amefungwa katika nguo zile zile. Mtoto aliyezidiwa na joto hulegea, na mtoto aliyelegea hanyonyi kwa bidii. Kericho ndipo mahali pa kumvua sweta na kofia, kabla ya mteremko, wakati tayari ametolewa kitini kwa ajili ya kunyonya. Blanketi lifunike miguu juu ya mikanda, lisiwekwe chini yake.

Mtu mmoja pale nyumbani alipendekeza mtoto apewe maji ya glukosi kwa sababu ya joto. Mama alikataa, na alifanya vema. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji mengine hata katika joto la Kisumu. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi. Aliyehitaji maji ni mama. Kujinyima kinywaji kwa kuogopa vyoo ni jambo ambalo karibu kila mama hulifanya barabarani, na hakuna anayelitaja mpaka aulizwe. Haliui maziwa kwa siku moja, lakini humwacha na kichwa kinachouma, uchovu na hasira, na mama wa namna hiyo hana nguvu ya kusema "simamisha gari" wala ya kumjibu mtu anayemwambia maziwa yake yameisha.

Maziwa ya kopo yenyewe yaliandaliwa kwa maji ya flaski yaliyokuwa vuguvugu. Unga wa maziwa hauuzwi ukiwa hauna vimelea kabisa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza uchanganywe kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha mchanganyiko upozwe kabla ya kumpa mtoto. Mtoto huyu hakuharisha, na ninashukuru. Kwa umri aliokuwa nao, chini ya miezi mitatu, homa ya nyuzi 38 au zaidi ingetaka afikishwe hospitalini mara moja, na mkojo kupungua, mdomo kukauka au utosi kubonyea ni dalili za kutochelewa hata saa.

Kunyonyesha gari likiwa mwendoni

Kipande cha kutoka Ahero hadi Kisumu ndicho kilichonitia hofu kuliko homa. Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo sita huwa mzigo wa kilo 120 mikononi mwa mama, na hakuna mikono inayoweza kuushikilia. Mkanda wa mama ukipitishwa juu yao wote wawili, mtoto hubanwa kati ya mkanda na mwili wa mama. Kumwinamia mtoto kitini ili anyonye humwondoa mama mwenyewe kwenye mkanda. Kwa hiyo gari lisimame, injini izimwe, mtoto anyonye hadi aachie mwenyewe, acheue, arudishwe kitini, ndipo safari iendelee.

Mahali pa kusimama pana uzito huo huo. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani katika barabara hii hii, lori liliacha njia na kuwagonga watu na magari yaliyokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tangu hapo sishauri mtu yeyote anyonyeshe mtoto kwenye ukingo wa barabara wala penye kituo cha matatu. Aingie kituo cha mafuta au uwanja wa hoteli, aegeshe kivulini mbali na lango, afungue milango ya upande usio na magari, leso iwe begani akipenda. Gari lililofungwa madirisha juani linaweza kuongeza nyuzi 10 za joto ndani ya dakika 10, hivyo mtoto asiachwe humo hata kwa safari fupi ya kwenda chooni.

Mpango uliotengenezwa

Baba wa mtoto aliitikia mwito wa kuja kliniki, na niliheshimu hilo. Hakuwa mtu wa kupuuza. Alikuwa akiogopa kuendesha usiku na familia garini, na hofu hiyo ina haki yake katika barabara ya malori. Tulichokubaliana kwa safari ya Desemba ni kwamba safari igawanywe kwa vituo vya kunyonya, na muda wa kufika uhesabiwe baada ya hapo. Kutoka Nakuru hadi Kericho ni takriban kilomita 110, karibu saa mbili. Kutoka Kericho hadi Kisumu ni takriban 80. Kutoka Kisumu hadi Ugunja ni 60 na ushei. Barabara yenyewe imeshajigawa. Kericho na Kisumu viwe vituo kamili, kila kimoja kipewe dakika 40 au zaidi, mtoto aamshwe kama amelala: atolewe kitini, avuliwe sweta, abadilishwe nepi, apapaswe nyayo, na wengi huamka wakitafuta titi. Asipoamka vya kutosha, mama akamue ili titi lisikaze. Maziwa aliyoyakamua hukaa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, lakini si ndani ya gari lenye joto la Ahero. Kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu hukaa hadi saa 24. Msongamano ukiwafunga Salgaa, watafute uwanja wa kuegesha, wasisubiri Kericho kwa sababu tu iko kwenye mpango.

Kunyonyesha kwa kuondokea kuwe kazi ya mwisho kabisa, mizigo ikiwa imeshaingia garini na maswali yamekwisha, titi la kwanza na la pili. Na wakifika, baba ndiye atakayewasalimia watu kwanza na kusema mtoto ananyonya, atawaona baadaye. Jambo hili la mwisho baba alilipendekeza mwenyewe, nami naliona kuwa la maana kuliko yote niliyoyasema mimi, kwa sababu mkaza mwana hawezi kulisema bila kuonekana ana kiburi. Chandarua cha mtoto kiwekwe juu ya mizigo, si chini yake. Kanda ya ziwa ina malaria kwa mwaka mzima kwa kiwango ambacho Nakuru haikijui, na chanjo ya malaria huanza mtoto akiwa na miezi sita.

Mama anayesafiri kwa matatu hana uwezo wa kuamuru gari lisimame, na nisingependa asome haya akaona hayamhusu. Anachoweza kukitawala ni muda wa kabla ya kuondoka: anyonyeshe stendi gari likisubiri kujaa, apande akiwa ametoka kunyonyesha, achague gari linalosimama Kericho, na aulize hilo kabla ya kulipa nauli. Akilazimika kukatisha safari Kisumu na kupumzika saa nzima kabla ya kupanda gari la Busia, nauli haipandi sana, na mtoto hupata kunyonya kwa utulivu.

Kuhusu chupa za usiku, hatukuziondoa kwa siku moja. Kwenye kijitabu cha kliniki mstari wa uzito ulikuwa bado uko mahali pazuri ingawa ulikuwa umeanza kulala kidogo, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kwenda polepole. Mama alianza kunyonyesha kwanza kila usiku kabla ya chupa, matiti yote mawili, akipunguza mililita 30 katika chupa moja baada ya siku chache, huku mtoto akipimwa uzito kila wiki na nepi za mkojo zikihesabiwa, zisipungue sita kwa siku. Chupa ya saa nane usiku ndiyo iliyoondoka kwanza. Ya saa tano ilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa baba alikuwa ameizoea na alipenda kumlisha mwanawe. Tukakubaliana abaki na zamu hiyo kwa maziwa ambayo mama amekamua.